Moshi Utoke, Mvua Isiingie

Msafiri ashukaye garimoshi katika stesheni ya Kigoma alasiri ya mwezi wa Novemba, saa ambayo mawingu yamekwisha kujipanga juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kisha akashika njia ya kwenda Ujiji, ataona jambo ambalo wenyeji kwa mazoea hawalioni tena: jiko baada ya jiko limeezekwa bati, na bati hilo linatoa moshi, ila moshi wenyewe hautoki mahali pamoja palipokusudiwa, bali unapenya chini ya upenu, katikati ya bati na bati, na juu ya kizingiti cha mlango, kana kwamba nyumba inatokwa na jasho. Dohani ni neno tulilolirithi kwa Waarabu zamani sana, nao kwao maana yake ni moshi. Tunalitumia bila taabu tunapotaja meli, lakini juu ya majiko yetu kitu chenyewe ni nadra kukiona, na kikionekana aghalabu kimewekwa vibaya hata mwenye nyumba akajuta kukiweka.

Kwanza niondoe shaka. Kigoma si nchi ya kukaa mbele ya moto kwa kuota. Mekoni ya kuotea moto, yenye dohani ya matofali na ukingo wa mbao nzuri juu yake, hiyo ni ada ya nyumba zilizojengwa na wageni Lushoto, Mufindi na Njombe, ambako usiku wa Julai hauna huruma. Huku kwetu uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 tu juu ya bahari, na mtu wa Kibirizi akikwambia anasikia baridi, huenda ana homa. Lakini moto wa kuni hauzimiki: unapika ugali, unachemsha mawese, unakausha migebuka, na ukipanda Kasulu au Manyovu utaukuta jioni umezungukwa na watoto. Kuni ni zile zile na moshi ni ule ule, na anayetaka kuutoa kwa heshima juu ya paa anakabiliwa na mas'ala yale yale yanayomkabili mjenzi wa Lushoto: vipi utoboe paa na bado liwe paa?

Babu zetu hawakuulizwa swali hilo, maana mapaa yao yalikuwa yanapumua. Katika msonge wa Buha, ulioezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi, moto uliwashwa ndani na moshi ukapanda polepole, ukajipenyeza katika nyasi, ukatoka nje umetawanyika. Na katika safari hiyo ukafanya kazi ya pili isiyolipiwa ujira, kwa kuwafukuza wadudu walao nyasi na kuyatia mapaa rangi nyeusi inayong'aa. Ujiji, mji uliokuwa umekwisha kujulikana Pwani kabla Burton na Speke hawajaufikia Februari 1858, na ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 akikaa katika tembe yenye baraza, wapishi walifuata njia nyingine iliyoletwa na desturi za Waswahili na Waarabu: jiko liliwekwa uani, na dohani yake ilikuwa mbingu yote. Kila njia ilikuwa na taksiri zake, kwani wa msonge alikohoa na wa uani alilowa, lakini hakuna kati yao aliyehitaji fundi wa kutoboa.

Aliyeleta haja hiyo ni bati. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo mjini London mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulichovya katika zinki ili lisishikwe na kutu. Toka hapo ikawa ni suala la wakati tu na la uchukuzi. Bati halibebeki kwa raha kichwani pa mpagazi toka Bagamoyo, bali reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya namna hiyo ilipata mgongo wa kuichukua. Bati lina fadhila nyingi, nami sitamdharau mtu aliyeuza ng'ombe apate kuliezeka, lakini halipumui. Moshi ukilifikia unagonga, unapoa, na unashuka tena machoni pa mpishi na mapafuni mwa mtoto aliye mgongoni mwake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake, na mtu aliyewahi kuinama juu ya mafiga katika jiko la bati lisilo na dirisha hahitaji kuuliza vipi.

Basi miaka kadhaa iliyopita niliazimia kumtengenezea shangazi yangu dohani katika jiko lake la Ujiji. Fundi mmoja alikuja na panga na nyundo, akalipasua bati kwa umbo la msalaba, akaikunja midomo minne kwenda chini, akapitisha bomba la inchi sita, akalivika kofia iliyochongoka kwa umaridadi hata wapita njia wakaisifu, na mwisho akazungusha lami ya moto pale bomba lilipokutana na paa. Moshi ulipanda vizuri. Tukala pilau. Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, shangazi alimtuma mtoto kuniita, nami nikamkuta amesimama mlangoni, sufuria mkononi, mafiga yake yamo katika dimbwi jeusi. "Mwanangu," alisema, "moshi umeutoa, lakini umeniletea mvua mahali pake."

Nilipanda juu nikiamini kuwa kosa ni la kofia. Kofia haikuwa na kosa lolote. Na hapa ndipo penye hesabu ambayo ningependa kila mwenye nyumba aifanye kabla hajamwita fundi. Kigoma hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tundu la bomba la inchi sita, lau lingeachwa wazi bila kofia, lingepokea toka mbinguni kiasi cha lita 18 kwa mwaka mzima, yaani ndoo moja hivi. Lakini tuseme bomba hilo limetokea mita tatu chini ya kilele cha paa: ule ukanda wa bati ulio juu yake, wenye upana wa bomba lenyewe, sentimita 15, na urefu wa mita tatu, unakusanya lita 450 na kuziteremsha zote moja kwa moja juu ya kisogo cha dohani. Kwa hiyo maji yajayo kwa mgongo wa paa ni mara 25 ya yale yajayo kwa mdomo wa dohani, na sisi tulikuwa tumevisha kichwa kofia ya sherehe ilhali shingo iko uchi.

Vazi la shingo hiyo ni bati la kukingia maungio, ambalo wenye maduka ya vifaa huliita flashingi, na hukuuzia pamoja na kofia za paa. (Jihadhari na neno hilo: ukisema dukani unataka kofia, utapewa lile bati la kukunja linalofunika kilele cha nyumba, si kofia ya dohani.) Fundi wa pili niliyempata alikuwa mzee ambaye ujana wake aliumaliza akiezeka nyasi huko Kasulu, na aliponiona nimeshika debe la lami akacheka. "Maji hayapandi," aliniambia. "Wewe yape njia ya kushuka, usiyazibie." Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila mwezekaji analijua toka utotoni, kwamba nyasi, kama makuti, huanza kuezekwa chini kwenye upenu na kupanda kileleni, ili kila safu ya juu iilalie ile ya chini yake, na tone likidondoka juu liteleze toka mgongo hadi mgongo pasipo kukuta mdomo ulio wazi ukilitazama.

Kaida hiyo ndiyo flashingi yote, na yaliyobaki ni mkono wa fundi na mkasi wa bati. Bati la kukinga lenye tundu la bomba katikati linalala juu ya paa, lakini si juu ya paa lote: ukingo wake wa chini unalilalia bati lililo chini ya dohani, na ukingo wake wa juu unaingia chini ya bati lililo juu ya dohani, kwa inchi sita au zaidi, na pande zake mbili zinaupanda mgongo wa bati na kuuvuka, zisiishie bondeni mnamopita mto. Fundi aliyeubandika ukingo wa juu juu ya bati badala ya chini yake amejenga kijaruba, nacho kitajaa. Kwa kuwa bati la migongo ni gumu kuoana na kitu kilichonyooka, mwenye hadhari hulirefusha bati la kukinga toka kwenye bomba hadi kilele, akaliingiza chini ya kofia ya paa, na hapo shaka inakwisha kabisa, maana hakuna tena kiungo cha juu cha kuvuja. Ndiyo sababu pia dohani inayotokea karibu na kilele ni bora kuliko inayotokea karibu na upenu: maji ya juu yake ni kidogo, na bomba lenyewe halihitaji kuwa refu.

Toka katika bati hilo hupanda koni fupi inayolizunguka bomba bila kulibana, na juu ya koni hufungwa ukosi wa bati uliokazwa kwenye bomba, mfano wa ukosi wa kanzu, ili maji yateremkayo kwa ngozi ya bomba yarushwe nje ya koni. Mtu atauliza kwa nini koni isikazwe tu kwenye bomba, ikazibwa kwa lami, mambo yakaisha. Jawabu ni kwamba dohani ni kitu kinachotembea. Moto ukiwaka bomba linarefuka, moto ukizimika linafupika, kila siku mara tatu kwa nyumba ya kula vizuri, nayo lami iliyoganda juu yake inapasuka, na ufa wa unene wa unywele unatosha. Lami na silikoni ni wasaidizi, si mafundi. Na vipande vya mpira wa baiskeli, ambavyo nimeviona vimefungwa kwenye dohani zaidi ya moja, vinanuka siku ya kwanza na kuyeyuka siku ya pili. Misumari nayo ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe bondeni.

Dohani ya matofali ya kuchoma, ambayo kwa nyumba za Kasulu na Kibondo ni jambo jepesi kwa kuwa tofali zinachomwa papo hapo, inataka jambo moja zaidi. Bati la kukinga linakunjwa na kupandishwa ubavuni mwa matofali kiasi cha inchi sita, lakini kupandisha tu hakutoshi, maana maji yateremkayo kwenye ukuta wa dohani yatapita nyuma yake. Kwa hiyo fundi huchimba mstari katika saruji iliyo baina ya tofali na tofali, kina cha inchi moja, akauingiza humo mdomo wa bati la pili lililokunjwa, nalo likaning'inia juu ya la kwanza kama pazia lililo juu ya pazia. Mabati haya mawili hayaungwi pamoja: la chini ni mali ya paa, la juu ni mali ya dohani, na paa la mbao likitikisika, kama litikisikavyo katika pepo za kusi, kila moja litacheza mahali pake. Tena dohani ikiwa pana, kupita inchi 30 hivi, hujengewa kisogoni kipaa kidogo cha mgongo kinachoyagawa maji kushoto na kulia. Bila kipaa hicho majani ya miembe yatajikusanya pale, na Ujiji miembe si michache.

Nikitaka kuwaeleza vijana mambo haya huwapeleka bandarini. Ile meli iitwayo Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha maelfu na kuungwa tena hapa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915, ilikuwa katika maisha yake ya kwanza meli ya mvuke, na meli ya mvuke ni tanuri linaloelea. Dohani ya meli za namna hiyo hupita katika sitaha kama ya jiko ipitavyo katika paa, ila bahari na ziwa hazisamehe kama zisamehevyo mvua. Kwa hiyo waundaji huizungushia tundu ukingo ulioinuka, kisha huivika dohani yenyewe mwavuli wa chuma unaoufunika ukingo huo bila kuugusa. Ni ile koni, na ni ule ukosi. Tena dohani ile ni mbili, moja ndani ya nyingine, na baina yao kuna hewa, ili joto la ndani lisiuunguze mkono wa nje. Wajerumani walipoizamisha meli hiyo wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, mafundi wao waliipaka mitambo mafuta mazito ili maji yasiile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Nimeupenda daima ule moyo wa mtu anayezamisha chombo na bado akakikinga na kutu.

Hewa ile ya baina ya dohani mbili ina hukumu yake pia kwa paa la nyumba, kwani chini ya bati kuna papi na kenchi za mbao kavu. Bomba la ngozi moja halifai kukaribia mbao kwa umbali wa chini ya inchi 18, jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifikiri aliposukuma bomba lake baina ya papi mbili. Suluhu ni kuikata papi na kuitegemeza kando, au kulipitisha bomba ndani ya bomba kubwa zaidi ambalo limeundwa kwa kazi hiyo, au kujenga matofali hadi nje ya paa na kuacha inchi mbili za hewa baina yake na mbao. Zinki nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 420 hivi, na ndimi za moto wa kuni zinapita hapo kwa urahisi, kwa hiyo bati jembamba la zinki lisiwekwe jirani na moto. Pale chini pafanywe matofali au chuma kinene, na bati lianzie moshi ulipokwisha kupoa.

Sasa niirudie kofia, ambayo nimeidhulumu kidogo. Kazi yake ni kuuzuia ule mvo mdogo wa mvua, kuwazuia ndege wasijenge, na kuuzuia upepo usiusukume moshi kurudi chini. Kosa lake la kawaida ni kukaa chini mno. Moshi utokao kwenye duara lazima utoke kwa ubavu, na hesabu inaonyesha kuwa uwazi wa ubavuni unalingana na uwazi wa mdomo pale kofia inapoinuka kwa robo ya upana wa bomba: kwa bomba la inchi sita, inchi moja na nusu. Hicho ni kiasi cha mwisho kabisa, bila masizi na bila upepo. Mimi sikubali chini ya inchi nne. Wenye jirani wa nyumba ya nyasi huongeza wavu wa waya wa kuzuia cheche, nao matundu yake yawe ya nusu inchi hivi, maana wavu wa mbu utazibwa na masizi, na moshi usio na pa kwenda utarudi na ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu iitwayo kaboni monoksaidi. Na urefu? Waashi wa Marekani wana kaida ya futi tatu juu ya mahali dohani inapotokea, tena futi mbili juu ya chochote kilicho ndani ya futi kumi. Kigoma mjini, mji wa vilima, ambako upepo wa usiku huteremka kwenda ziwani kama mtu aliyechelewa, mimi ningeongeza.

Kuna jambo moja la ndani ya bomba linalowatatiza hata mafundi wazuri. Tumesema cha juu kikilalie cha chini. Lakini vipande vya bomba vilivyo ndani ya nyumba huungwa kinyume: cha juu kinaingia ndani ya cha chini. Si mgongano. Kuni mbichi hutoa mvuke na utomvu mweusi unaoganda katika bomba lililopoa na kuteremka kwa ndani, na kiungo kikiwekwa kama cha paa, utomvu huo utatokea kwenye maungio na kumchora mpishi. Juu ya paa maji yako nje, ndani ya bomba maji yako ndani, na katika hali zote mbili cha juu kinayamwaga pale cha chini kinapoweza kuyapokea. Sehemu inayotokeza nje ya paa, kwa kuwa inapigwa na yote mawili, afadhali iwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Na kuni zikauke, bila shaka, lakini kumwambia hivyo mtu anayenunua fungu la kuni sokoni jioni ya mvua ni kumwongezea huzuni.

Neno la haraka kwa wenye gata na matangi: maji ya mvua ya kwanza yaoshayo masizi juu ya paa yasiingie tangini, na mtu asikubali kukingiwa paa kwa bati la risasi, kama wafanyavyo Uingereza, ikiwa maji hayo yatanywewa.

Yule mzee alimaliza kazi ya shangazi kwa siku mbili. Alilivua bati lote la ukanda ule, akaweka jipya lililofika kilele, akairudisha kofia ile ile ya umaridadi juu yake, imeinuliwa. Kisha akapanda na ndoo mbili za maji na kunituma ndani. Nikakuta shangazi amekwisha kutangulia, ameuweka mkono wake pale bomba lilipolitoboa paa, amesimama juu ya stuli, asiyetaka kuambiwa na mtu. Tukasikia maji ya ndoo ya kwanza yakipita, yakigawanyika, yakiteremka kwenye upenu. Kisha ya pili. Akaugeuza mkono, akautazama, akaupangusia kanga japo haukuwa na kitu cha kupangusa.

"Pakavu," alisema. "Nipe kibiriti."